Gego la mwisho la chini limelala: nilitoe likizo hii au niendelee kusubiri?

Chaki na Ubao, Tanga

Salaam wanajukwaa. Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za siku.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina umri wa miaka 27. Tangu mwaka jana gego langu la mwisho, upande wa kulia chini, limekuwa likinisumbua kwa vipindi. Fizi inayolifunika nusu huvimba, kinywa hakifunguki vizuri, kumeza mate kunakuwa kazi, na harufu inayotoka humo hunitia aibu kiasi kwamba mwanafunzi akisimama karibu na meza yangu nasahihisha daftari lake huku nimefumba mdomo. Kila mara nimepewa amoksisilini pamoja na metronidazoli, uvimbe ukashuka baada ya siku tatu au nne, na baada ya miezi miwili mambo yakarudi palepale. Hii ni mara ya nne.

Safari hii daktari wa meno aliagiza picha ya eksirei ya taya zima, akanionyesha kwenye kompyuta. Jino limelala kabisa na kichwa chake kimeegemea gego la jirani, kama abiria aliyelalia bega la mwenzake ndani ya basi la usiku. Alisema halitatoka kwa koleo peke yake: itabidi fizi ichanwe, mfupa kidogo upunguzwe, na jino likatwe vipande. Kisha akanionyesha mstari unaopita chini ya mizizi, akasema hiyo ndiyo njia ya mshipa wa fahamu, na kwamba ipo hatari ndogo ya mdomo wa chini kubaki na ganzi. Hapo ndipo usingizi uliponiruka, kwa sababu kazi yangu ni kusema mbele ya watoto tangu asubuhi hadi alasiri, na sijui nitasemaje na mdomo usiojihisi.

Zaidi ya hilo, ameshauri kwamba la juu yake lingetolewa siku hiyo hiyo, kwa kuwa limeanza kuoza na baada ya hapo halitakuwa na mwenza wa kutafuna naye. Na kwamba la chini upande wa kushoto, ambalo nalo limelala lakini halijawahi kuniuma hata siku moja, lingefaa kutolewa baadaye. Mama yangu aliposikia habari ya jino la juu alikataa katakata. Anasema mizizi ya meno ya juu imeshikana na macho, na kwamba anamfahamu mtu aliyeng'olewa akaanza kuona ukungu.

Likizo ni wiki nne. Naomba mnisaidie kwa mambo haya: hatari ya huo mshipa ni ya kweli kiasi gani, nitahitaji siku ngapi kabla ya kusimama tena darasani, na je, lile lisiloniuma nalo lina sababu ya kutolewa? Waliopitia hali hii wanieleze pia yale ambayo huwa hatuambiwi kliniki.

Naomba kuwasilisha.

Abiria wa Kivukoni, Dar es Salaam

Mwalimu, pole sana. Mimi nilitolewa la chini kushoto miaka mitatu iliyopita, na nitakueleza kosa langu ili wewe usilirudie.

Kung'olewa kwenyewe hakukuwa na maumivu. Niliyasikia mambo, ndiyo: mashine inavuma ndani ya kichwa kana kwamba fundi anatoboa ukuta wa chumba cha pili, kisha mlio wa kitu kinachokatika, ambao kusema kweli ulinitisha kuliko sindano. Lakini maumivu hapana. Nilitoka nikiwa nimeng'ata shashi, shavu zito kama si langu, na muuguzi akanisomea masharti upesi upesi huku nikiitikia kwa kichwa tu. Hata moja halikuingia. Ningekushauri uende na mtu wa kusikiliza kwa niaba yako, au uombe masharti hayo kwa maandishi kabla hujakaa kwenye kiti.

Jioni ile nilihisi ladha ya damu mdomoni. Nikakumbuka mafunzo ya nyumbani kwamba chumvi huponya kila kidonda, nikachanganya maji ya moto na chumvi, nikasukutua kwa nguvu na kutema, mara tatu au nne. Kesho yake, kwa kuwa sikuwa na maumivu, nikavuta sigara mbili. Siku ya tatu, mnamo saa tisa usiku, yaliniamsha maumivu ambayo sijawahi kuyapata tangu nizaliwe. Hayakuwa mahali pa jino peke yake, yalipanda hadi ndani ya sikio na kwenye kipaji, na dawa za kutuliza nilizokuwa nazo zilikuwa kama nimemeza peremende. Nilipojimulika kwa tochi ya simu kwenye kioo, tundu lilikuwa wazi na tupu, na chini nikaona kitu cheupe. Nilidhani ni kipande cha jino kilichosahaulika, nikaapa kwenda kumshtaki daktari.

Kumbe ule ulikuwa mfupa wangu mwenyewe. Lile donge la damu linaloganda na kuziba tundu nililitoa kwa mdomo wangu, kwa kusukutua na kwa kuvuta. Daktari hakunigombeza. Alisafisha tundu kwa maji vuguvugu yenye chumvi, akaingiza kitambaa chembamba chenye dawa inayonukia karafuu, na kwa dakika kadhaa ilikuwa kana kwamba chungu cha pilau kimefunuliwa mdomoni mwangu. Kabla sijafika kituo cha daladala maumivu yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya nusu. Nilirudi mara mbili kubadilishiwa dawa hiyo, na kidonda kikachukua karibu wiki tatu badala ya moja. Siku za kazi nilizokosa kwa sababu ya sigara mbili ni nyingi kuliko zile nilizokosa kwa sababu ya jino.

Koleo na Shashi, Morogoro

Mwalimu, mimi ni daktari wa meno. Picha yako sijaiona, kwa hiyo haya ni maelezo ya jumla, na neno la mwisho linabaki kwa mwenzangu aliyekupima. Nitaandika kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Nianze na zile dozi nne, maana hapo ndipo jibu lako lilipo. Fizi inayofunika nusu ya jino hutengeneza mfuko. Chakula na bakteria huingia humo, mswaki haufiki, na gego la juu huigonga fizi hiyo iliyovimba kila unapotafuna. Dawa huwapunguza bakteria waliosambaa, lakini mfuko unabaki vilevile, na siku chache baadaye unajaa tena. Ni sawa na kufua maji ndani ya ngalawa bila kuziba ufa. Kwa kawaida, kama hakuna homa, wala shavu kuvimba, wala taya kukaza, kusafisha chini ya fizi hiyo na kuendelea na maji ya chumvi hutosha bila kidonge kimoja. Tatizo likijirudia mara nne, sababu ya kulitoa jino ipo, na dozi ya tano itakachofanya ni kuwazoesha bakteria hiyo dawa.

Sasa mshipa wa fahamu. Iliyo jirani na jino hilo ni miwili. Mmoja hupita ndani ya mfupa wa taya la chini na kutokeza kidevuni. Huo ndio uliouona kwenye picha, nao huleta hisia za meno ya chini, mdomo wa chini na kidevu. Wa pili hupita upande wa ndani, karibu na ulimi, na kwenye picha hauonekani. Jambo ambalo ningependa ulale nalo usiku ni kwamba hiyo yote miwili, mahali hapo, ni ya kuhisi. Misuli ya mdomo na ya ulimi huendeshwa na mishipa mingine kabisa. Hata ganzi ikitokea, mdomo haupindi na ulimi haulegei. Utaendelea kutamka, ila utasikia sehemu fulani kama vile sindano ya daktari haijaisha. Mara nyingi hali hiyo huondoka yenyewe ndani ya wiki au miezi. Wapo wachache ambao haiondoki, na sitakuficha hilo.

Hatari hiyo hailingani kwa kila mtu. Muulize daktari wako kama kwenye picha ule mstari mweupe wa ukuta wa njia ya mshipa umekatika mahali unapokutana na mizizi, au kama mizizi inaonekana kuwa na giza hapo. Dalili hizo zikiwepo, ana haki ya kuomba picha ya pande tatu, na anaweza kukupeleka kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya. Upo pia utaratibu wa kukata taji la jino, yaani sehemu yake ya juu, na kuiacha mizizi mahali pake kwa makusudi, ili mshipa usiguswe kabisa. Watu wengi hushtuka wakiambiwa mizizi itaachwa, wakadhani daktari ameshindwa kazi, lakini kwa jino zima lisilo na usaha kwenye mizizi ni njia inayokubalika.

Siku yenyewe, kula vizuri kabla ya kwenda, na kama unatumia dawa za shinikizo la damu, za kisukari au za kuzuia damu kuganda, mweleze daktari mapema wala usiziache kwa uamuzi wako. Utachomwa sindano ya lignokeini, dawa iliyotengenezwa Sweden mwaka 1943 na ambayo hadi leo sisi hatuna hamu ya kuibadilisha. Mara nyingi huchanganywa na adrenalini kidogo ili damu isitoke sana, na ndiyo maana moyo unaweza kwenda mbio kwa dakika moja au mbili. Si mzio, wala si kwamba umezidishiwa. Ganzi huondoa maumivu, haiondoi hisia ya kusukumwa. Ukihisi kusukumwa, tulia; ukihisi kuumwa, inua mkono wa kushoto, nasi tutaongeza dawa.

Ukitoka hapo, kazi yako ni moja: lilinde donge la damu ambalo Abiria amelieleza vizuri kuliko vitabu vyangu. Ng'ata shashi kwa nguvu kwa dakika 30 bila kufungua kuchungulia, kwa sababu kila ukichungulia unaanza upya. Mate kuwa ya rangi ya waridi hadi kesho yake ni kawaida, maana tone moja la damu kwenye mate mengi huonekana kama mto. Damu ikiendelea kujaa kinywani, kunja shashi nyingine safi, uiweke juu ya tundu hasa na si pembeni, ung'ate tena kwa dakika 30. Ukikosa shashi, kifuko kimoja cha majani ya chai kilicholoweshwa na kupozwa hufanya kazi, kwa sababu chai ina taneni inayosaidia damu kuganda. Katika saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme, usinywe kwa mrija, usivute sigara, usinywe pombe, na vinywaji vya moto viache vipoe. Lala na mito miwili. Barafu iliyofungwa kwenye kanga iwekwe shavuni kwa dakika 20, iondolewe kwa dakika 20, siku hiyo ya kwanza.

Kuhusu maumivu, meza dawa kabla ganzi haijaisha, usisubiri moto uwake. Kwa mtu mzima mwenye afya, ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa nane, baada ya chakula, pamoja na parasetamoli gramu moja kila baada ya saa sita, kwa siku tatu hivi, hutuliza vizuri sana; parasetamoli isizidi gramu nne kwa siku. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo, au mjamzito, aiache ibuprofeni na atumie parasetamoli peke yake hadi apate ushauri. Na tafadhali, diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu wa tumbo moja. Kila wiki nakutana na mtu aliyemeza zote mbili kwa pamoja kwa kuwa kila duka la dawa alilopita lilimwongezea moja, kisha tumbo linawaka moto.

Kuanzia siku ya pili, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, uyazungushe mdomoni polepole kwa kuinamisha kichwa huku na huku, kisha uyaache yaanguke yenyewe kwenye sinki. Fanya hivyo baada ya kila mlo kwa wiki nzima. Uvimbe utafika kilele siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo siku ya tatu ukijiona kwenye kioo umevimba kuliko siku ya kwanza, usidhani umeharibikiwa. Taya kukaza ni kawaida kwa wiki moja hadi mbili. Mtu wa kazi ya mezani hurudi baada ya siku tatu au nne. Kwa mwalimu wa darasa la watoto wengi ningesema wiki moja, na wewe una nne.

Rudi kliniki, au nenda hospitali hata kama ni usiku, ukiona uvimbe unashuka chini ya taya kuelekea shingoni, au ulimi unainuliwa na uvimbe ulio chini yake, au unashindwa kumeza, au pumzi inakuwa nzito, au homa inapanda badala ya kushuka. Hayo si ya kuuliza mtandaoni.

Mwisho ni macho. Mshipa wa kuona unatoka nyuma ya jicho na kuingia moja kwa moja kwenye ubongo, na mizizi ya meno ya juu haiufikii kamwe. Nadhani chanzo cha imani hiyo ni kwamba watu huja kung'oa jino la juu wakiwa wamechelewa sana, usaha umepanda na uso umevimba hadi jicho limejifunga, na anayeona kwa mbali anakumbuka jicho na koleo tu. Kilicho karibu na gego la juu ni uwazi wa hewa ulio ndani ya mfupa wa shavu. Kwa hiyo baada ya kutolewa la juu usipenge kamasi kwa nguvu kwa wiki mbili hivi, na ukipiga chafya, piga mdomo ukiwa wazi. Mfikishie mama salamu zangu.

Mbali na Nyumbani, Uingereza

Nashukuru kwa maelezo ya daktari, lakini kuhusu lile jino la kushoto lisilomuuma mwalimu, naomba kupingana na aliyelishauri. Huku ninakoishi, tangu mwaka 2000 taasisi inayotoa miongozo ya tiba ya umma, inayojulikana kama NICE, iliagiza kwamba magego ya mwisho yaliyolala yasitolewe kama hayana ugonjwa. Mimi ninayo mawili, nimeyaomba yatolewe, na daktari amenikatalia, akisema hatari ya upasuaji ni ya leo na faida yake ni ya kubahatisha. Je, sisi Waafrika Mashariki tuna mifupa ya aina nyingine? Nahofia kwamba mahali ambapo kila jino linalipiwa, ushauri wa kulitoa huja upesi.

Koleo na Shashi, Morogoro

Ndugu yangu, kuhusu malipo sitabisha. Ni swali ambalo mgonjwa ana haki ya kuliuliza na daktari ana wajibu wa kulijibu bila kununa. Na kuhusu kanuni yenyewe tuko pamoja: jino zima, lililofunikwa kabisa na mfupa, lisilosumbua, mimi naliacha.

Ila neno "halina ugonjwa" si sawa na neno "haliumi". Jino lililolala likiegemea gego la mbele huacha pembe ambayo mswaki hauingii, na gego hilo la mbele, ambalo ndilo unalotafunia maisha yako yote, huweza kuoza kwa nyuma polepole bila kuuma hadi uozo ufike ndani. Huko kwenu mgonjwa huitwa kuangaliwa kila baada ya muda fulani, kwa hiyo uozo ukianza unaonekana. Mgonjwa wangu mimi hurudi siku anapolia. Hilo nalizingatia ninaposhauri, na pia umri: kadiri mtu anavyosogea miaka ya thelathini na kuendelea, mfupa huwa mgumu zaidi na kupona huchukua muda mrefu. Mwalimu, kwa hilo la kushoto ningeomba nionyeshwe kwenye picha kitu mahususi, ama uozo, ama mfupa uliopungua nyuma ya gego la jirani. Kisipokuwepo, liache, lakini lipigwe picha tena baada ya mwaka mmoja au miwili.

Bibi wa Mtori, Moshi

Mwanangu mwalimu, marahaba. Madaktari wamesema ya kwao, mimi niseme ya jikoni, kwa sababu nimemuuguza kijana wangu alipotolewa mawili kwa siku moja, na alichokuwa akilalamikia ni njaa kuliko maumivu.

Pika kabla ya kwenda, maana ukirudi hutakuwa na hamu ya kusimama jikoni. Mtori unafaa kuliko vyote: ndizi mbichi na nyama iliyochemshwa mpaka ilegee, uponde kwa mwiko, kisha upitishe kwenye chujio ili usibaki uzi wa nyama, kwa kuwa uzi huo utakwenda moja kwa moja kwenye tundu. Usiule moto. Uache upoe mpaka ukiweka kidole unaona ni wa vuguvugu tu. Siku ya kwanza kula maziwa ya mgando, parachichi, uji mwepesi uliopoa. Siku ya pili na ya tatu viazi vya kuponda, yai la kuchemsha lililopondwa na maziwa kidogo, supu iliyochujwa. Tumia kijiko kidogo cha chai, kwa sababu kijiko kikubwa hakitapita hapo taya likikaza. Wali niliuzuia kwa wiki nzima, na nilikuwa na sababu: punje moja iliingia tunduni siku ya nne na mtoto wa miaka 22 alinililia kama wa miaka miwili. Pilipili, karanga, bisi na ulezi usiosagwa laini, vyote visubiri.

Habari ya macho, nina miaka 63 na nimeng'olewa magego mawili ya juu. Miwani niliyovaa sasa niliianza miaka kumi kabla ya jino la kwanza kutoka. Mwambie mama yako hivyo kwa heshima, aliyekuzaa hasemi kwa ubaya.

Chaki na Ubao, Tanga

Wanajukwaa, nimerejea. Leo ni siku ya kumi na moja.

Nilitolewa mawili ya kulia, la chini na la juu. La juu lilichukua muda mfupi hata sikuamini, nilidhani daktari bado anajiandaa. La chini lilichukua dakika 40 kwa saa ya ukutani. Moyo ulienda mbio baada ya sindano na nikakumbuka maneno ya Koleo na Shashi, nikatulia. Mkono wa kushoto niliuinua mara moja, wakaongeza dawa, kazi ikaendelea.

Nilikwenda na mdogo wangu, ambaye aliandika masharti yote kwenye daftari, na nyumbani alikuwa mkali kuliko muuguzi. Siku ya tatu shavu langu lilijaa kama la mtu aliyeficha andazi zima mdomoni, na shangazi aliyekuja kunijulia hali alisema bila kupepesa macho kwamba nimerogwa. Siku ya tano uvimbe ulianza kushuka na ukaacha rangi ya manjano na kijani hadi shingoni. Daktari alisema ni damu inayonyonywa na mwili, ikaisha yenyewe. Usiku wa nne ndio ulionitia hofu, kwa kuwa niliamka na maumivu ya sikio, nikakumbuka kisa cha Abiria. Lakini yalitulia kwa dawa, na asubuhi nilipomulika tundu nikaona limejaa kitu cha rangi ya hudhurungi, si jeupe wala tupu. Dawa za maumivu nilizihitaji kwa siku nne tu.

Jana nyuzi zilitolewa. Kinywa sasa kinapokea vidole viwili vilivyopangwa kwa wima, wakati siku ya pili hakikupokea hata kimoja. Mtori nimekula mpaka majirani wameuliza kama nimeolewa Uchagani. Kuhusu la kushoto, tulilitazama pamoja kwenye picha: limezama lote ndani ya mfupa na gego la mbele yake ni zima, kwa hiyo tumeliacha na nitarudi mwakani kupiga picha nyingine. Mama bado ananinyooshea gazeti kila asubuhi nimsomee maandishi madogo.

Lililobaki ni moja. Chini ya mdomo, upande wa kulia wa kidevu, ipo sehemu yenye ukubwa wa sarafu ya shilingi mia ambayo inasikia kama imepakwa gundi iliyokauka. Nikigusa nahisi mguso, lakini kwa mbali. Nimejaribu kusoma kwa sauti mbele ya kioo kurasa tatu za kitabu cha kiada, na matamshi hayana tatizo lolote. Daktari wangu ametaka tusubiri. Koleo na Shashi, wewe unasemaje?

Koleo na Shashi, Morogoro

Namuunga mkono. Kwamba unahisi mguso hata kwa mbali ni dalili nzuri, maana yake mshipa umechubuka au umebanwa na uvimbe, haukukatika. Chukua kijiti cha pamba, ukipitishe kuanzia shavuni kuelekea kidevuni huku umefumba macho, na kila mahali hisia inapobadilika weka nukta kwa kalamu. Piga picha kwa simu, uandike tarehe. Rudia kila Jumapili. Mduara ukipungua, au ukianza kusikia kama sisimizi wanatembea hapo, hisia zinarudi. Ukibaki vilevile kwa miezi mitatu, au yakianza maumivu ya kuchoma kama umeme, peleka picha hizo zote kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, wala usisubiri likizo nyingine. Na chai ipoze kwanza, kwa sababu upande huo hautakuambia kwamba unaungua.